Yamaha ya kibandiko chekundu: ya mzee au ya dukani?

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilula, na jioni napiga gitaa kwenye kwaya ya usharika wetu. Kuna mzee Iringa mjini anauza gitaa kavu, Yamaha FG-180, ndani lina kibandiko chekundu. Anasema aliachiwa na mmisionari miaka ya sabini. Anataka laki tano. Ndugu yangu wa Dar naye amenitafutia Yamaha FG800 mpya kwa laki nane. Kwaya imeshachanga laki sita. Kila ninayemuuliza ananiambia nichukue la zamani, eti mbao zake zimekomaa na haya ya siku hizi hayaoni ndani. Nililishika sebuleni kwa mzee, sauti ni tamu kweli, ila vidole viliniuma. Fundi samani mmoja amejitolea kulipiga vanishi liwe kama jipya. Nichukue lipi, na hiyo vanishi nikubali?*

Marahaba, mwalimu. Umeandika vizuri kuhusu kibandiko, mbao na sauti, lakini maneno yaliyonifanya niweke kikombe cha chai mezani ni yale mawili: vidole viliniuma. Hayo nitayarudia kwa urefu, kwa sababu ndiyo yatakayoamua kama laki tano zako zinanunua gitaa au zinanunua pambo la ukutani. Kwanza tukubaliane tunazungumzia kitu gani.

Gitaa la mzee lilitengenezwa na kampuni iliyokuwa ikiitwa Nippon Gakki, ya mji wa Hamamatsu, Japani. Wewe kama mwalimu utapenda hii: mwanzilishi wake, Torakusu Yamaha, aliingia kwenye kazi ya ala za muziki mwaka 1887 baada ya kuitwa kutengeneza kinanda kibovu cha shule ya msingi. Yamaha lilikuwa jina la bidhaa kwa miaka mingi, na kampuni yenyewe ilikuja kulichukua rasmi mwaka 1987. Mwaka 1966, vijana wa Japani wakiwa wamepagawa na muziki wa folki kutoka Marekani, Nippon Gakki ikatoa magitaa mawili ya nyuzi za chuma: FG-180 lenye tumbo kubwa, na FG-150 lenye tumbo dogo kidogo. FG ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha gitaa la folki, hakuna fumbo zaidi ya hilo. Umbo la FG-180 lilikaribiana na magitaa makubwa ya kampuni ya Martin ya Marekani, ila bei ilikuwa ya mtu wa kawaida. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1969, mwimbaji Country Joe McDonald alipanda jukwaani Woodstock, lile tamasha kubwa la muziki la Marekani, akiwa na FG-150, na watu waliokuwa wakidhani gitaa zuri lazima litoke Marekani wakaanza kuuliza bei.

Baadaye kazi ilihamia Taiwan, na vibandiko vya rangi nyingine vikafuata. Ndiyo maana wapenzi wa magitaa hukimbilia chekundu: ni dalili ya miaka ile ya mwanzo. Lakini rangi peke yake isikutoshe. Washa tochi ya simu, ingiza macho kwenye tundu, usome maandishi yote: jina la modeli, jina la Nippon Gakki, na nchi lilikotengenezwa. Yamaha bandia zimejaa mitaani, na kuchapa kibandiko si kazi ngumu kwa mtu mwenye nia hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo mzee akilisikia huenda akakunyima chai. Uso wa FG-180 ya kibandiko chekundu ni plaiwudi. Mgongo na mbavu pia. Si ubao mmoja uliochanwa kutoka gogo la sprusi, mti wa nchi za baridi, na kukaushwa, bali ni tabaka nyembamba zilizogundishwa, ya juu ikiwa sprusi safi ya kupendeza macho. Unaweza kulithibitisha mwenyewe: angalia ukingo wa tundu la sauti. Kwenye ubao mzima, mistari ya nyuzi za mti unayoiona usoni huteremka moja kwa moja kwenye unene wa ukingo. Kwenye plaiwudi mistari hiyo inakatika, unaona tabaka zimelaliana kama chapati.

FG800 ya ndugu yako, iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, ina uso wa sprusi ya ubao mzima. Mgongo na mbavu zake ndizo za plaiwudi. Kwa hiyo, kama ni hoja ya ubora wa mbao za usoni, mahali ambapo sehemu kubwa ya sauti ya gitaa inazaliwa, hilo jipya la laki nane liko juu ya la mzee. Wanaokwambia "mbao zimekomaa" hawajui kwamba wanaisifia plaiwudi.

Kukomaa kwenyewe si hadithi ya kutunga. Ubao wa sprusi ukikaa miaka mingi, baadhi ya kemikali zinazoshikamanisha nyuzi zake huvunjika polepole, utomvu hukauka na kuwa mgumu, na mti haunywi tena unyevu wa hewa kama ulivyokuwa ukinywa ukiwa mbichi. Unakuwa mwepesi zaidi na unatikisika kwa urahisi. Wenyewe Yamaha wanaliamini jambo hili kiasi kwamba wana namna ya kulifanya kiwandani, kwa kuchezea joto, unyevu na mgandamizo, ili ubao mpya upate tabia za ubao mkongwe. Wanaiita A.R.E. Ila yote haya yanahusu ubao mzima. Plaiwudi ina tabaka zilizopishanishwa na gundi katikati, zinashikana mikono zisitembee. Hiyo ndiyo kazi ya plaiwudi. Kitu kilichobuniwa kisibadilike huwezi kukisifia kwa kubadilika sana.

Kuna kichekesho hapa ambacho sisi mafundi tunakipenda. Mwaka 2019 Yamaha walilirudisha jina la kibandiko chekundu sokoni kwa magitaa mapya, FG3 na FG5, yenye kibandiko kama cha zamani na sura ya kizamani kwa makusudi. Ukiyachungulia ndani utakuta ubao mzima kila mahali: uso wa sprusi uliopitishwa kwenye A.R.E., mgongo na mbavu za mahogani. FG5 inatengenezwa Japani na bei yake inapita dola 1,000. Yaani mjukuu aliyepewa jina la babu ana mifupa ambayo babu hakuwahi kuwa nayo. Mtu akikwambia FG5 ni FG-180 iliyofufuka, mwambie hapana: ni gitaa zuri sana lililovaa koti la babu.

Basi kwa nini la mzee lilikuwa tamu masikioni mwako? Sikusudii kukuambia masikio yako yamekudanganya, maana na mimi nimeshazisikia hizo FG-180, na zile nzuri ni nzuri kweli. Sauti ya chini inafunguka bila kuvimba, nyuzi za juu hazipigi kelele. Mimi nadhani siri ni wepesi wa ujenzi: walifanya plaiwudi nyembamba na hawakuijaza mihimili mizito ndani. Gitaa jepesi la plaiwudi linaweza kulifunika gitaa zito la ubao mzima. La pili ni mchujo. Yale yaliyopinda shingo, yaliyobomoka daraja (ile mbao iliyogundishwa usoni inayoshika nyuzi), yaliyokuwa mabubu tangu dukani, yalishageuzwa kuni au michezo ya watoto. Lililofika sebuleni kwa mzee baada ya miaka zaidi ya 50 limefika kwa sababu kila aliyelishika aliona haya kulitupa. Kisha kuna sebule yenyewe: sakafu ya saruji, kuta tupu, dari ya mbao. Humo hata debe linaimba.

Na kabla hatujaicheka plaiwudi, tukumbuke tunaishi wapi. Sisi wa Nyanda za Juu gitaa kavu tunaliita galatoni, na wengi wa vijana hawajui kwamba neno hilo ni Gallotone, jina la magitaa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Wazee wa Rungwe na Kyela waliokwenda migodini Afrika Kusini kwa mikataba ya Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi, walilijua jina hilo kabla redio haijafika vijijini kwao. John Lennon wa Beatles naye akiwa kijana Liverpool, Uingereza, mwaka 1957 alianza na Gallotone, na ndani yake kulikuwa na maandishi ya kiwanda yakimhakikishia mnunuzi kwamba gitaa halitapasuka. Ahadi ya namna hiyo haitolewi bure. Gitaa la ubao mzima likipelekwa kwenye hewa kavu hupasuka, na plaiwudi haipasuki hovyo. Nawe unaijua Ilula ya Septemba na Oktoba, upepo unavuma mpaka midomo inachanika. Kila mwaka kuanzia Agosti naletewa magitaa mapya mazuri yenye ufa mrefu kutoka darajani kwenda nyuma, unaoingiza ukucha. La plaiwudi lenye ufa wa namna hiyo naliona mara chache mno, na mara nyingi kuna mtu alilikalia.

Kwa hiyo sifa ya kweli ya gitaa la mzee ni hiyo ya uvumilivu. Ubora wa mti haupo.

Kuhusu mgongo wa FG800, utasikia watu wakiudharau kwamba si mahogani, ni miti isiyo na jina. Lipuuze. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichukua magitaa sita yaliyotengenezwa sawasawa yakitofautiana mti wa mgongo na mbavu tu, kuanzia mti adimu wa Brazil mpaka wa kawaida, wakawapa wapigaji 52 wayapige bila kuona vizuri ni lipi. Alama zilikuwa karibu sawa, na wengi hawakuweza kuyatofautisha kwa uhakika. Mti wa mgongo unauza zaidi kuliko unavyoimba.

Haya, turudi kwenye vidole.

Nyuzi za chuma za kawaida, zile seti zinazoanzia namba 12 (unene wa uzi mwembamba kabisa), zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya kilo zaidi ya 70. Chukua mfuko wa saruji, ongeza karibu nusu ya mwingine, uning'inize kati ya kichwa cha gitaa na daraja lake, usiku na mchana, kuanzia enzi za Mwalimu Nyerere mpaka leo. Kitu lazima kisogee. Kinachosogea ni pale shingo inapoingia tumboni, kwenye kisigino. Shingo inanyanyuka mbele kidogo kidogo, tumbo nyuma ya daraja linavimba, na nyuzi zinaachana na ubao wa vidole. Ndicho ulichokisikia kwenye ncha za vidole vyako. Nyuzi ziko juu, unazisukuma safari ndefu kabla hazijagusa freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo.

Watu wengi, wakiwemo mafundi, huchanganya hapa mambo mawili. Shingo inaweza kujikunja kama upinde, na shingo inaweza kuwa imenyooka lakini imekaa kwa pembe mbaya. Kujikunja kunatibika kwa chuma kilicho ndani ya shingo: unakizungusha robo mzunguko, unasubiri, unaangalia. Pembe mbaya haitibiki kwa chuma hicho hata ukizungusha mpaka kikatike. Nimeletewa vilivyokatika. Pembe mbaya inataka shingo ing'olewe, kisigino kichongwe upya, irudishwe. Hiyo kazi kwa magitaa mengi inafanyika kwa mvuke unaolegeza gundi. Miaka kadhaa nyuma nilijaribu kwa Yamaha ya Kijapani ya umri kama wa hilo la mzee. Nilipiga mvuke asubuhi nzima, gundi haikulegea, mimi nikaanza kuwa na haraka, kisigino kikachanika. Nilimlipa mwenyewe. Tangu siku hiyo, Yamaha za miaka ile siahidi kuzing'oa shingo, na ukimpata fundi anayekwambia ni kazi ya jioni moja, muulize ameshafanya ngapi.

Kwa hiyo nenda tena kwa mzee, na safari hii beba rula mbili: ndogo yenye milimita zinazoanzia ukingoni kabisa, na ndefu iliyonyooka, hata ile unayochoria ubaoni kama haijapinda. Gitaa likiwa limekazwa sauti yake ya kawaida, weka rula ndogo kwenye freti ya 12, upime kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi mnene kabisa. Milimita 2.5 ni raha. Tatu inavumilika, hasa kwa mpigaji wa kwaya anayeshika chodi za chini. Ikisoma nne au zaidi, usikate tamaa wala usilipe, angalia mfupa wa darajani, kile kipande cheupe ambacho nyuzi zinakikalia. Kimejitokeza kiasi gani juu ya mbao ya daraja? Kila milimita moja unayotaka kushusha pale freti ya 12 inadai milimita mbili kwenye mfupa. Kama mfupa umesimama milimita tano, una nafasi: ukishusha mbili utapata gitaa laini na bado nyuzi zitakuwa na pembe ya kuukandamiza. Kama mfupa umeshachongwa mpaka unakaribia kuzama kwenye mbao, na nyuzi bado ziko juu milimita nne, basi aliyekutangulia alishaitumia dawa yote. Hapo hakuna fundi wa Iringa wala Mbeya atakayekusaidia kwa bei inayolingana na gitaa lenyewe.

Rula ndefu ndiyo shahidi wa mwisho. Ilaze juu ya freti katikati ya shingo, isogeze mpaka ncha yake ifike darajani. Kwenye shingo iliyokaa vizuri ncha inapita usawa wa juu ya mbao ya daraja, au inaugusa kidogo tu. Ikigonga ubavu wa daraja chini kwa milimita mbili tatu, shingo imeshaondoka. Mzee anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa na asijue hili. Yeye amezoea, na vidole vyake vimeota sugu za miaka 40.

Mengine yaangalie haraka haraka. Nyuma ya daraja ingiza kona ya karatasi: ikipenya chini ya mbao, daraja linanyanyuka na litang'oka siku ya mkesha wa Krismasi. Angalia kama kuna mtu alipiga skrubu au bolti kupitia darajani. Wengi walifanya hivyo, si hukumu ya kifo lakini punguza bei. Gonga mgongo kwa kidole taratibu sehemu mbalimbali. Mlio wa kukwaruza unaonyesha muhimili wa ndani umeachia gundi, na hiyo ni kazi rahisi. Freti zilizochimbika chini ya nyuzi mbili za kwanza ni za kawaida kwa gitaa lililotumika. Funguo zikizunguka bure zinabadilishwa.

Ukishamaliza kupima ndipo usikilize, na usilisikilize peke yake. Kwenye kwaya za jirani hapo Ilula au Iringa mjini hukosi mtu mwenye FG800 au gitaa linalokaribiana nalo. Liazime saa moja. Nunua seti mbili za nyuzi zilezile, uyavalishe yote mawili, maana nyuzi za mzee huenda zina miaka mitatu na zimekufa. Nyuzi zilizokufa huondoa mng'ao, na watu wengi hudhani huo ufifi ndio utamu wa ukongwe. Kisha mpe mwenzako ayapige yote mawili, wimbo uleule, nawe ugeuke ukutani. Abadilishe bila kukuambia. Andika lipi limekugusa. Nimeshuhudia watu wazima wakilichagua gitaa jipya mara nne mfululizo, wakageuka, wakaona ni jipya, wakaanza kujitetea.

Wewe usikie nini? Kwa masikio yangu, FG-180 nzuri ina sauti kavu kidogo, iliyokusanyika, inakaa chini ya waimbaji bila kugombana nao. Kwa mtindo wa kudonoa kwa dole gumba na kidole cha shahada, ule wa wazee wetu, kila uzi unasikika peke yake. FG800 ina sauti pana na inayong'aa zaidi, na inadumu hewani muda mrefu baada ya kupigwa. Mihimili yake ya ndani imechongwa ikapunguzwa ili uso utikisike zaidi, na unaisikia hiyo kazi ukipiga nyuzi zote sita kwa nguvu. Kanisa likijaa na mvua ikipiga bati, utashukuru kuwa na FG800. Na itaendelea kubadilika mikononi mwako, kwa kuwa uso wake ni ubao mzima. Hayo "mbao zimekomaa" unayoambiwa, ukilitunza jipya, kwa kweli yanamngoja mwanao.

Umeniuliza nichague. Kama rula zote mbili zimekubali, chukua la mzee, lakini si kwa laki tano. Mwambie kwa heshima kwamba linahitaji nyuzi, mfupa mpya na siku moja ya fundi, umwombe ashuke hadi laki nne. Akikaza sana usizidi nne na nusu. Hata Marekani, ambako wapenzi wake ndiko waliko, gitaa hili ni la dola mia chache, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni hazina ya makumbusho. Kiasi kinachobaki kwenye mchango wa kwaya kinunulie kasha gumu. Mfupa usinunue: omba kwa muuza nyama kipande cha mfupa wa muundi wa ng'ombe, kichemshe kitoke mafuta, kianike kivulini wiki mbili, uniletee. Hakuna plastiki ya dukani inayokishinda.

Kama rula moja imekataa, mshukuru mzee, unywe chai yake, urudi Ilula mkachange laki mbili zilizobaki. Usiingie kwenye huruma ya "nitalitengeneza polepole". Na hilo FG800 likifika lisianze kazi kabla fundi hajaliangalia, kwa sababu magitaa mapya hutoka kiwandani na nyuzi juu kidogo makusudi. Ukiweza waambie Dar lisipakiwe kwenye buti la basi. Gitaa moja lililotoka Mbeya likateremshwa Dar saa nane mchana nililipokea tena baada ya wiki likiwa na daraja mkononi. Joto la kule chini linalegeza gundi. Lipate kiti, au lipakatwe.

Kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza liweke ndani ya kasha lake pamoja na kile kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake kipande cha sponji kilicholoweshwa kikakamuliwa vizuri kisidondoshe. Lowesha upya kila baada ya siku nne tano. Ukipata kipima unyevu kidogo, hakikisha kinasoma kati ya 45 na 55 kwa mia. Usilitundike ukutani karibu na dirisha, na usiku wa baridi usilisogeze karibu na jiko la mkaa kwa huruma. La mzee halihitaji malezi yote haya, ila kisahani hakitalidhuru.

Sasa ile vanishi. Mkatalie kwa upole huyo fundi samani, na mkatalie mapema kabla hajanunua msasa. Rangi ya kiwandani kwenye uso wa gitaa ni ngozi nyembamba, na brashi ya vanishi ya makabati itaongeza koti zito juu ya kitu ambacho kazi yake ni kutikisika. Msasa nao unaweza kuimaliza ile tabaka ya juu ya sprusi, nawe ukabaki unatazama plaiwudi ya ndani. Kitambaa kibichi kilichokamuliwa, halafu kikavu, vinatosha. Pale mkono wa mmisionari, au wa mzee, ulipokwangua rangi karibu na tundu, paache palivyo.